Meza ya Ana kwa Ana

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu, ni seremala wa meza za kale. Vitanda hatengenezi, milango hatengenezi. Ukimpelekea kiti kilichovunjika mguu atakitazama kama daktari wa macho aliyeletewa mgonjwa wa jino. Yeye ni meza za kuandikia tu, zile zilizotutangulia duniani, na karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga.

Nasema yao kwa sababu walikuwa wawili. Yeye alikata na kuunga. Dada alipiga msasa, akabandika ngozi juu ya meza, akapaka vanishi. Majina pia aliyatoa dada. Ile yenye kifuniko cha vibanzi vya mbao kinachoteremka kwa kujikunja aliiita Kope, maana ikifungwa imelala. Ile nyembamba, miguu imepinda kidogo, ni Swala. Ile iliyosimama kama kabati, ukishusha ubao wa mbele unapata pa kuandikia, ni Mdomo Wazi. Wateja walikuja na majina makubwa ya vitabuni, wakaondoka wakisema, "Basi niwekee ile Kope."

Kope ilipendwa kuliko zote. Dada alisema watu wana fujo, wanataka meza itakayowasitiri mgeni akipiga hodi. Swala ilinunuliwa na akina mama waliotaka kona moja ya nyumba iwe yao peke yao.

"Na wote hawa siku hizi wanaandika kwenye simu," shemeji alinung'unika siku moja. "Meza ya nini?"

"Ya kuegemea, baba," dada alimjibu. "Mtu anataka kuweka kiwiko pale palipochakazwa na viwiko vya wenzake."

Moja hawakuiuza. Pana, droo pande zote mbili, watu wawili wanakaa wakitazamana. Hiyo dada aliiita Ana kwa Ana. Ililetwa vipande vipande, wakaiunga mle ndani kwa gundi, wakaing'arisha, wakajipongeza. Ndipo dada akachukua futi kamba akapima mlango. Haipiti! Maseremala wawili wazima! Walicheka mpaka wakakaa chini. Basi wakaifanya yao: dada upande wa ukutani, shemeji mgongo mlangoni. Hapo walifanya kazi, hapo walikula, hapo walinuniana.

Na kila alipokuja mtu, kabla hajapiga hodi, dada alisema, "Mgeni huyo." Shemeji alijisifia kuoa mke mwenye masikio ya popo.

Dada alipofariki, shemeji alibaki pale pale upande wake wa meza. Ukipiga hodi nyuma yake anaruka, patasi inaanguka. Kiti cha dada hakukikalia, wala mimi hakuniruhusu. "Hapo pana mtu, shemeji," aliniambia. Nikahamia kwenye ndoo.

Kisha mwenye nyumba akaitaka nyumba yake. Shemeji akapata chumba kingine, kidogo. Kila kitu kilitoka isipokuwa Ana kwa Ana. Gundi ile ukiilazimisha unachana mbao, na mwenye nyumba hakutaka mlango wake uguswe. Ilibaki kuikata, au kuiacha.

"Iache," nilimshauri.

"Nimwachie mpangaji aanikie soksi?"

Nilimkuta amesimama na msumeno, chumba kitupu, kila neno linarudi.

"Nisimame upande gani kuikata, shemeji?"

Akazunguka taratibu, akavuta kiti cha dada, akakaa. Halafu akacheka, kicheko kisichofika mbali.

"Hebu njoo uone."

Niliinama begani kwake. Mbele yetu kiti chake mwenyewe, kitupu. Nyuma ya kiti, mlango uliokuwa wazi, na njia yote hadi bombani. Anayekuja unamwona tangu kule.

"Masikio ya popo!" akasema. "Kumbe alikuwa anaona tu. Miaka yote ananichezea."

"Wewe hukuwahi kumuuliza."

Akaweka kiganja juu ya macho. Jua la alasiri lilikuwa linaingia mlangoni, linampiga usoni. "Mimi lilinijia mgongoni," alisema polepole. "Likaniangazia kazi."

Akaikata. Nusu yake mwenyewe aliiongezea miguu, ikaenda kwa fundi cherehani. Nusu ya dada aliihamisha, akaiweka ielekee mlango, ule upande uliokatwa, mweupe, ukimtazama kila anayeingia.

"Paka hata vanishi basi," nilimwambia. "Wateja wanaona kidonda."

"Kupaka ni kazi ya dada yako."

Juzi nilikwenda kumsalimu. Nikiwa bado mbali nilimwona ameketi, ameinua kichwa, na midomo yake ikasema yale maneno mawili ya dada, peke yake mle ndani. Nilipofika mlangoni nilipiga hodi vile vile, kama mtu ambaye hajaonekana.