Kabla ya Kusema Haivuji

Bado naikumbuka asubuhi moja kiwandani Thika, mwanangu Wambui, nikiwa kijana mwenye ovaroli mpya na maringo ya bure.

Tulikuwa tukitengeneza haidrojeni ya kugandishia mafuta ya kupikia. Gesi ilipashwa moto pamoja na mvuke, haidrojeni tukaichukua, na hewa ya kaboni tukaiachia anga. Hakuna aliyeuliza inaenda wapi. Kila siku kabla ya kuwasha mtambo, mmoja wetu alipita na karai la maji ya sabuni, akapaka kila kiungo cha bomba kwa brashi. Povu likivimba, hapo panavuja. Zamu yangu ilipofika niliona uvivu. Nikanusanusa huku na huku, nikamwambia Wafula, fundi wetu mkuu, kwamba bomba ni zima.

Wafula alichukua karai mwenyewe, na kiungo kilichokuwa karibu na ukuta kikafura povu.

"Kamau, haidrojeni iko na harufu?"

"Hapana, fundi."

"Sasa hiyo pua ilikuwa inatafuta nini?"

Wenzangu walicheka, nami nikatamani ardhi inimeze. Kisha akanipeleka upande wa pili wa ukuta, wanawake walipokuwa wakipakia mafuta kwenye mikebe. "Hawa ndio ungechoma," akasema, akarudi kukaza nati. Mmoja wao alikuwa mamako, na wakati huo sikumjua hata jina. Nikikumbuka hilo, hadi leo naingiwa na hofu.

Juzi uliponiita kwenye karakana yenu ya Ruiru nilistaajabu, sitaficha. Gesi asilia inaingia tanurini, methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, inapasuliwa kwa joto la umeme bila kuchomwa, haidrojeni inatoka, na kaboni inabaki chini, nyeusi kama unga wa makaa. Ulinitilia unga huo kiganjani nikabaki nikiukodolea macho. Sisi tuliitupa hewani, ninyi mnaizoa kwa beleshi! Najivunia wewe kuliko ninavyoweza kusema mbele za watu.

Lakini uliniambia pia kwamba kifaa cha kupimia methani inayotoroka hakijafika, wafadhili wanakuja Ijumaa, na unataka kuwaambia mtambo ni safi kabisa kwa kuwa hautoi moshi. Mwanangu, methani haionekani, na ikitoroka inaipasha dunia joto kushinda ile hewa yetu ya zamani.

Basi nakusihi hivi. Waonyeshe kaboni yako na uringe, maana umeitolea jasho. Wakiuliza kama mtambo unavuja, sema hujapima, na kwamba utapima. Wakikasirika wakaenda zao, waache. Utaumia, najua, lakini kazi yako itabaki ya kweli.

Mungu akulinde wewe na wote mnaofanya kazi humo. Akupe wenzako wasioogopa kukukosoa, na siku utakapopima, akupe moyo wa kuisoma namba vile ilivyo.