Bakora ya Mzee Shali

Juzi Makadara niliona wazee wawili wakitukanana huku wakimiminiana kahawa, nikamkumbuka Mzee Shali, rafiki wa babu yangu. Nilipokuwa mtoto, siku moja mimi na babu tulimpelekea halua katika nyumba ya wazee alikokuwa akiishi. Chumba chake kilinuka karafuu na dawa ya kuchua.

"Kumbe ungali hai, zee baya we?" babu alimwambia.

"Nife nikuachie halua?"

Utani sikuujua bado. Nilidhani watapigana, nikaificha bakora ya Mzee Shali chini ya kitanda. Wakati wa kutusindikiza akaitafuta, hakuiona. Nilipokiri, walicheka hadi wakakohoa.

"Iache huko," Mzee Shali akasema, akaniegemea begani mpaka langoni.

Leo nina maduka matatu, na wengi wananiegemea. Yeye ndiye aliyeanza.