Maji ya mikebuka chini ya kiti

Kamioneti ya kwenda Nyunzu ilikataa kuwaka tukiwa tumeshapanda. Shofere alizungusha ufunguo, mota haikutoa hata mlio. Akaomba watu washuke wasukume. Mimi nilikuwa nimevaa abakosi, suti yangu mpya, nikabaki kiti cha mbele nikitazama ziwa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisukuma pamoja na wengine mara tatu, bure.

Shofere akaniomba niinuke, akafunua kiti, maana batri inakaa humo chini. Juu yake palikuwa na gunia la samaki, mikebuka ya chumvi. Maji yake yalikuwa yamelowesha nyaya zote.

"Hii samaki ni ya nani?"

Nikageuka kutazama tena ziwa. Yule mama alinitazama, maana jana aliniona nikilificha gunia langu pale. Akalibeba, akalifunga juu ya mizigo kwa kamba yake. Shofere akafuta nyaya, akazikaza, mota ikawaka.

Njiani niliwalaumu kwa sauti watu wasiojali gari la mwenzao.

Tulipofika Nyunzu, yule mama alilifungua gunia kamba, akaniletea mbele ya wote.

"Shika samaki yako, Papa. Kamba njo yangu," akasema akiikunja.

Abakosi ilifika bila doa hata moja.