Tanga la Mkono Mmoja

Mume wangu alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia ulilegea na maneno yakamkimbia. Alibakiwa na machache: ndiyo, hapana, maji, chai, tumbo. Daktari alinishauri tuuze mashua yake, ile ndogo tuliyoinunua kuukuu na kuiweka kwenye bwawa la Vaal, kusini ya Johannesburg. Wenzake wa benki walipenda gofu. Yeye alipenda upepo. Sikuweza kuiuza.

Nikaanza kusoma. Tanga letu lilitaka mikono miwili na miguu myepesi. Lakini tanga la Kichina, kwa nilivyolielewa, lingemfaa. Limegawanywa kwa fito zinazolala kutoka ukingo hadi ukingo, na linapandishwa kwa kamba moja. Upepo ukizidi, unalegeza kamba ile tu, nalo linashuka na kujikunja, ufito juu ya ufito, kama mapazia ya ofisini. Mimi ni mhasibu, sikuwahi kuchora chochote. Nilichora nyuma ya karatasi za kufungia zawadi, sakafuni sebuleni, naye akinitazama kutoka kitini.

Mchoro nikampelekea fundi cherehani mmoja tunayesali naye, dada wa Uvira, Kongo, mwenye duka karibu na robot, zile taa za barabarani, hapa hapa Kensington. Aliugeuza huku na huku.

"Eish, mama, hii nguo ni ya nani? Ya tembo?"

"Ni tanga. La mashua ya baba."

Akauweka mchoro mezani. "Ya baba yetu? Basi leta kitambaa."

Dukani kwake turubai halikuenea. Mchungaji akatupa ukumbi wa kanisa. Tukasogeza mabenchi, tukakata na kushona tukiwa tumepiga magoti zaidi kuliko siku ya maombi.

Jumamosi moja tulilipandisha uani kwetu, kwenye mlingoti mpya wa alumini tulioufunga kwenye nguzo ya lango. Lilinyooka kama ubao. Mimi na fundi tukapiga makofi. Mume wangu akatikisa kichwa.

"Tumbo," akasema.

Nikakimbilia dawa. Akaisukuma kando.

"Linauma? Una njaa?"

"Tumbo!" Machozi ya hasira yalimlenga. Akashika fulana yake kwa mkono wa kushoto, akaivuta mbele mpaka ikafura, kisha akanyoosha kidole juu.

Fundi akapiga ukelele. "Aa! Tanga njo inataka tumbo!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini, na yeye akacheka, mara ya kwanza tangu hospitali. Kumbe tanga lililonyooka hivyo halishiki upepo vizuri. Tukalifumua lote. Fundi akakata kila kipande upya, kingo zake zikiwa na mviringo, kama anavyokata kifua cha blauzi. Mume wangu alisukuma kitambaa kwa kiganja, akipima.

"Zaidi," akasema.

Nikainua uso. Neno hilo hakuwa nalo. Wiki zilizofuata yakaja mengine: kata, vuta, kamba, siyo hapo. Mtaalamu wake wa mazoezi ya kuongea alifurahi kuyasikia. Mimi nilijifungia bafuni nikalia, nikamshukuru Mungu kwa turubai.

Siku ya kwanza bwawani, fito mbili zilipinda, tukarudi nchi kavu tumelowa. Tukaweka nyingine nene zaidi. Mara ya pili fundi alibaki ukingoni na chupa ya chai, sisi wawili tukaingia. Mume wangu akavuta kamba kwa mkono wa kushoto, akiibana kwa goti kila alipopumzika. Vipande vikapanda kimoja kimoja, vikafura. Mashua ikainama kidogo, ikaenda.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mikono tayari, kama nilivyosimama nyuma yake bafuni, kwenye ngazi, kanisani, mwaka mzima.

Hakugeuka. "Mama," akasema, "keti."

Nikaketi.