Namba Tatu na Kivuli cha Mgunga

Faki Abdulatif hakuwahi kuupiga mpira maishani mwake ila mara moja tu, na siku hiyo alivunja taa ya stesheni. Hata hivyo, pale Sultan Hamud mwanzoni mwa miaka ya hamsini, timu haikupangwa bila yeye. Alikuwa na hoteli ndogo mkabala na reli. Chai yake ilikuwa nzito, na mahamri yake yalisifiwa na madereva wa malori mpaka Voi. Kila Ijumaa baada ya swala ya jioni alipanga vikombe kumi na kimoja juu ya meza ndefu: kimoja golini, viwili vya mabeki, vitatu katikati, vitano mbele. Kila kikombe kilikuwa mtu. Aliyetaka kubadilisha kikosi alihamisha kikombe, na aliyehamisha kikombe sharti ajieleze mbele ya wote. Ndivyo walivyoipanga timu, na ndivyo walivyogombana.

Faki alizaliwa Mwingi. Baba yake alikuwa mtu wa pwani aliyekuja bara kuuza nguo akasahau kurudi. Kikamba alikijua cha kununulia, cha kuuzia na cha kutania, akadhani amekimaliza. Mungu hakumjalia mtoto. Labda ndiyo sababu alimpenda mno Nzioka, beki wa kushoto, namba tatu, kijana mrefu aliyekuwa akipakia magunia kwenye mabehewa. Nzioka alimwita Baba Faki bila kufundishwa na mtu. Faki alijifanya hajali, kumbe kila alipoitwa hivyo moyo ulimlainika kama hamri ndani ya chai.

Basi msimu ule ngome ilioza, na ilioza upande wa Nzioka. Kila Jumamosi, kipindi cha kwanza, Kibwezi walipitia hapo, Emali wakapitia hapo. Hata timu ya walimu, watu wazima wenye vitambi, walipitia hapo wakihema. Winga akija, Nzioka alirudi nyuma, akageuza shingo, akatazama pembeni kama mtu aliyepoteza mbuzi. Kipindi cha pili timu zikishabadilishana magoli, kijana yule yule akawa ukuta. Hapiti mtu. Lakini bao likishaingia limeingia.

"Wewe Mzee Faki ndio umeharibu huyu kijana," alisema Kiema, mwenye bucha, ambaye sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya reli. "Umemsifu, umemsifu, sasa mgema ametia tembo maji. Mguu yake iko. Kichwa imeenda wapi?"

"Anachelewa kupata moto," Faki akamtetea. "Ni kama jiko la makaa."

"Basi tumpulize kwanza!" Watu wakacheka, na Faki akacheka nao, ingawa hakupenda.

Siku ile kicheko hakikudumu. Kesho yake mechi haikuwepo; iliyokuwa mbele yao, Jumamosi ya wiki iliyofuata, ilikuwa fainali ya kombe, na wapinzani walikuwa Kikima. Kiema akaegemea meza.

"Nzioka anaoa wapi? Kikima. Mbuzi amepeleka wapi? Kikima. Mimi nasema huyu mtu ameuza sisi." Akakichukua kikombe cha namba tatu, kile chenye pengo mdomoni, akakigeuza kifudifudi. "Ukimpanga Jumamosi, hii hoteli tunakuachia."

Hakuna aliyecheka. Faki alijua mji ule. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtu akishaitwa msaliti pale hangepewa gunia la kubeba, wala salamu. Akamtafuta Nzioka kwenye mabehewa, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, kuna nini?"

Nzioka akaangalia chini. "Hakuna kitu, Baba Faki. Nyinyi nitoeni tu."

Faki akarudi nyumbani amenywea. Mkewe, Shufaa, hakuupenda mpira. Aliona ni aibu watu wazima kugombania ngozi ya ng'ombe. Lakini alipomwona mumewe hata chai haimpiti kooni, akaweka sufuria chini.

"Bwana wee, yule mama anayeniuzia kunde, Kalunde, unajua ni nani?"

Faki alimjua kwa sura. Alikuwa mjane mgeni kutoka Kikima aliyehamia kwa kaka yake, na siku za mechi alitandaza gunia lake kwenye kona ya uwanja, kushoto kwa goli ambalo timu yao ililinda kila kipindi cha kwanza, chini ya mgunga, mti pekee wenye kivuli pale.

"Basi ndiye mama yake Kavata."

"Kavata yupi?"

"Mchumba wa Nzioka, wewe! Hebu fikiri."

Faki akafikiri, na taratibu mambo yakajipanga kama vikombe. Wakamba wana heshima yao wanayoiita nthoni. Mtu akimwona mama mkwe wake njiani, haraka anaacha njia, aingie kichakani, na mama naye anafunika uso na kupita. Faki alikuwa ameona wanaume wenye magunia mgongoni wakirukia miiba kwa heshima hiyo. Ila alidhani ni mambo ya njiani. Haikumpitikia kwamba Nzioka, kipindi kizima cha kwanza, alikuwa akitafuta kichaka katikati ya uwanja, na kichaka hakipo!

Akacheka mpaka akaketi chini. Halafu akaacha kucheka, kwa kuwa akilini alimwona kijana yule akimeza matusi ya mji mzima na kunyamaza. Angesemaje? Kumtaja tu mama mkwe mbele ya walevi wa mpira ni kumvunjia heshima. Kiema na wenzake wangeelewa mara moja lau wangejua, lakini nani angewaambia?

"Kwa nini mama mwenyewe asihame?"

"Nimemuuliza. Anasema hufunika uso kwa leso, kijana hana habari kama yuko pale. Nikamwambia, basi hata mpira huuoni, wafuata nini? Akaendelea kunipimia kunde."

Kijana anadhani mama hajui. Mama anadhani kijana hajui. Na timu inafungwa kwa adabu!

Faki angeweza kwenda kumtangazia Kiema akajivua lawama usiku ule ule. Hakwenda. Heshima si utumwa, alijiambia, na isitoshe si yake kuivunja. Ijumaa akapanga vikombe, na kile chenye pengo akakihamisha kutoka kushoto hadi kulia, mbali na mgunga.

"Asi!" Kiema akang'aka kwa Kikamba. "Mtu wa mguu ya kushoto unapeleka kulia? Jieleze!"

"Sijielezi."

Watu wakatazamana. Jambo hilo halikuwahi kutokea.

"Kesho akiharibu," alisema Faki, "vikombe mtapanga ninyi. Mimi nitabaki na chai yangu."

Kesho yake Kikima wakashuka kwa lori, wakiimba. Na Nzioka, huko kulia, akacheza mpira ambao watu walikuwa wameusahau. Winga wa Kikima alijaribu, akajaribu tena, mwishowe akawa anaomba mpira usije kwake. Sultan Hamud wakapata bao. Kiema akawa kimya, na kimya cha Kiema kilikuwa kitu cha kustaajabiwa.

Kipindi cha kwanza kikikaribia kwisha, Nzuki, aliyewekwa kushoto mahali pa Nzioka, akateleza kwenye changarawe. Winga wa Kikima wa upande huo akabaki peke yake, anakimbia na mpira kuelekea kona ya mgunga. Golikipa ametoka, goli liko wazi. Mtu pekee wa kumfikia alikuwa Nzioka. Akakata uwanja mzima kwa mbio, halafu akaona anakokwenda. Akasita, akageuza shingo pembeni.

"Mnaona?" Kiema akalipuka. "Mnaona? Nilisema nini?"

Hapo Kalunde, aliyesikia mbio zikimjia kisha zikakatika, akainuka. Akaacha kunde zake palepale, akavuta leso usoni, akaugeuzia uwanja mgongo, akatoka kivulini na kwenda zake juani, mpaka kwenye tuta la reli. Alimpisha kijana njia kama watu wenye adabu wanavyopishana.

Nzioka akaruka. Akaukuta mpira ukiwa hatua chache tu kutoka golini, akaupiga kwa mguu ule wa kushoto, mpira ukaenda moja kwa moja kwenye gunia na kunde zikatawanyika kama mvua. Uwanja ukapiga kelele. Kiema alimkumbatia mtu asiyemjua, ambaye baadaye ilibainika ni wa Kikima.

Faki hakubaki kushangilia. Aliokota kunde alizoweza, akazifunga kwenye kofia yake, akamfuata mama kwenye tuta. Mama alikuwa bado amesimama juani, mgongo kwa uwanja.

"Imeingia?" aliuliza.

"Haukuingia, Mama."

"Nani ametoa?"

Faki akakumbuka kwamba kwa nthoni jina la mkwe halitajwi mbele ya mama. "Yule wetu."

Kalunde akacheka ndani ya leso, kisha akasema polepole, "Mzee, mimi sijui mpira. Nilitaka kujua huyu anachukua mtoto yangu ni mtu wa namna gani. Kuangalia siwezi. Basi nilikuwa nakaa nasikiliza watu wakisema juu yake." Akaikaza leso. "Kila Jumamosi nasikia matusi tu."

Faki akaelewa. Ugomvi wote ule wa hotelini ulikuwa ukimwagikia masikio haya.

"Ni mrefu, Mama," alisema. "Ana kelele kidogo akila. Gunia analolibeba yeye, wengine hubeba wawili. Wiki nzima walimtukana, na hakufungua mdomo, kwa ajili yako." Akamkabidhi kofia yenye kunde. "Mimi sina mtoto. Lakini huyo huniita baba."

Filimbi ya kipindi cha pili ikalia. Kule kwenye mstari watu walikuwa wakimwita Faki aje aone. Faki akabaki pale tutani, uso kwa uwanja, na mama ubavuni kwake, uso kwa reli, akamsimulia mpira wote mpaka mwisho.