Taa ya Pili ya Lori la Baba

Taa ya nyuma ya pili tuliitengenezea uani kwetu Temeke, baina ya jiko na banda la kuku, kwa kopo la maziwa ya unga. Ilikuwa miaka ile ya mwishomwisho ya Waingereza. Lori la baba lilikuwa na taa moja tu nyuma, upande wa kulia, ndivyo lilivyoundwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyelisema kwa hilo. Kisha trafiki akamsimamisha njiani, akamwambia sasa kila gari liwe na taa nyekundu mbili nyuma, na Jumatatu alilete likakaguliwe. Likishindwa, halitembei tena.

Baba hakuwa mtu wa kubabaika, lakini siku ile hakumaliza chakula chake. Lori lile alilinunua likiwa kuukuu kutoka kwa Mzungu wa mkonge aliyekuwa akimwendesha tangu ujana wake, na kila asubuhi alikwenda nalo Chamazi kuchukua mihogo na nazi za kuleta sokoni. Tulikula kwa lori hilo, sikatai, lakini raha yake hasa ilikuwa kuitwa dereva. Mtu akimwambia "Shikamoo, dereva," alikuwa akiivuta ile marahaba mpaka aliyemsalimu amefika kona. Ukimvua udereva, sijui ungebaki na mtu gani.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kuachika. Kuachika kwangu ni habari nyingine, na haina utamu; dada yangu yeye alikuwa bado kwa mumewe, shemeji aliyejua naye kuendesha malori. Nilikuwa nasuka mikeka, na mdomo wangu wakati huo ulikuwa mkali kama pilipili mbuzi, kwa hiyo baba alipotafuta mtu wa kumshikia waya, mama alinisukuma mimi, nadhani ili naye apumue.

Baba alilikata kopo, akalitoboa kwa msumari, akaingiza glopu ndani yake. Akatia chuma kwenye makaa mpaka kikaiva, akalehemu waya kutoka taa ya zamani mpaka hii mpya. Alifanya kwa kupapasa zaidi ya kutazama, vidole vikitangulia, nami nikadhani huo ndio ufundi wenyewe. Nilimwonea fahari, ingawa nilikuwa nikimwambia kopo lake litavuja maziwa barabarani.

Kilichotushinda ni kioo chekundu. Hapo nikajitia kimbelembele, nikasema kioo cheupe kipo na rangi ninayo mimi. Nilikuwa na rangi ya ukili iliyobaki, ile tuiitayo damu ya mzee, nyekundu iliyoiva mpaka inakaribia weusi. Kwa sisi wasusi, hiyo ndiyo nyekundu ya heshima, ya mkeka wa bibi harusi. Nyekundu ya kawaida tunawaachia wanaosuka mikeka ya kuanikia mpunga. Nikaichanganya na vanishi, nikapaka kioo, kikapendeza hasa.

Baada ya sala ya magharibi baba na mama walitembea mpaka mwisho wa uchochoro kutazama. Mimi nilibaki nyuma ya lori nimeshika waya, maana ulikuwa bado haujafungwa.

"Naona moja!" baba akapaza sauti.

"Zote zinawaka!" nikajibu.

"Moja, mwanangu! Njoo mwenyewe!"

Nikauzungusha waya kwenye msumari, nikaenda, na kweli ilionekana moja. Nyekundu yangu ya heshima ilikuwa imezama gizani na hadhi yake yote. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Umempa trafiki mkeka wa bibi harusi," akasema.

Kesho yake Mhindi mwenye duka la pembeni, ambaye alikuwa akibadilisha vioo vya rangi vya juu ya mlango wake, alinipa kipande chekundu kilichovunjika. Baba alikisugua kingo kwenye jiwe, akakiingiza kwenye kopo, kikaenea. Taa ikawaka nyekundu safi, ukiisogelea unaona mpaka kucha zako zimekuwa nyekundu. Jioni wakaenda tena mwisho wa uchochoro.

"Moja!" baba akasema.

"Ndiyo, moja," mama akasema.

Tukatia glopu kubwa zaidi. Moja. Tukabadilisha waya, nikaungua kidole, nikasema maneno ambayo mwanamke wa uswahilini hasemi mbele ya baba yake. Moja. Baba akaanza kulaumu kopo, akalaumu betri, akalaumu Waingereza. Kila mara mama alikuwa pembeni yake na kila mara alisema kama yeye, naam, moja, kwa sauti ya upole iliyonitia hasira kuliko kidole. Nilijua kioo kile ni kizuri. Nilijua Jumatatu inakuja, na kwamba baba usiku hasinzii.

Jumapili jioni walipokuwa wamesimama mwisho wa uchochoro, akapita jirani yetu, Mnyamwezi aliyefanya kazi ya ukuli bandarini. Sisi Wazaramo na wao ni watani, na mtani haombi ruhusa wala hakasirikiwi. Huyu alikuwa akiingia uani kwetu, anachukua muhogo uliomo chunguni, anautukana upishi wa mama, anaondoka nao. Siku baba yangu mdogo alipofariki, alilala mbele ya jeneza akasema haliendi popote mpaka alipwe. Basi alipita, akasimama pale kwa baba. Nilichoka kubaki nyuma kama kigingi. Nikaufunga waya, nikawafuata.

Nilipogeuka kutazama lori, niliona taa mbili. Hazikuwa za kubahatisha: mbili, nyekundu, moja kulia na moja kushoto, ungeweza kupitisha kichwa cha mtu katikati. Mtoto atasemaje? Utamwambia baba yako, mbele ya mkewe, kwamba anakosea? Nilimtazama mama. Mama alikuwa akitazama chini.

"Bado moja," baba akasema.

"Moja ipi?" mtani akauliza.

"Ile. Inatapakaa kama moshi, lakini moja."

Mtani akaangua kicheko. "Wazaramo nyie! Taa mbili zinaniunguza macho mie hapa, wewe unaona moja! Acheni kubadilisha glopu za gari. Iliyoungua imo kichwani mwa mzee huyu!"

Baba akacheka. Ilimlazimu kucheka, ndiyo desturi, na akamtukania mtani ukoo wake wote mpaka Tabora kama inavyotakiwa. Mtani akaenda zake anacheka, akapita uani kwetu kwanza kutazama chunguni. Sisi watatu tukabaki pale, na kicheko cha baba kikaisha polepole.

"Wewe unaona ngapi?" akaniuliza.

"Mbili, baba."

Akamgeukia mama. "Na wewe? Siku zote hizi ulikuwa unaona ngapi?"

Mama akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Ulizoona wewe," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa safari zake. Tangu mvua za masika mama alikuwa akipanda lori kila asubuhi kwenda Chamazi, yeye aliyekuwa hapendi vumbi wala kuamka mapema. Majirani walisema ana wivu, kuna mwanamke huko mashambani, na mimi niliamini nikamcheka. Kumbe alikuwa akikaa pembeni ya baba anapiga soga: aa, tazama ng'ombe wale wanavuka, aa, shimo lile bado hawajaliziba, yule mtoto ana baiskeli mpya. Njia nzima, kwenda na kurudi. Baba alikuwa akiendesha kwa maneno yake. Nilitamani kumkumbatia na kumkaripia kwa wakati mmoja.

Baba alirudi kwenye lori, sisi nyuma yake. Aliinama, akaweka kiganja juu ya taa ya zamani, akakiacha hapo kidogo. Kisha akapapasa kwenda kushoto mpaka akalifikia kopo, akaweka kiganja kingine. Zote zilikuwa na joto.

"Kweli," akasema. "Ni mbili."

Nilimlilia pale pale, wala sikujificha. Yeye hakulia. Alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akampa mama, na mama akaufunga kwenye upindo ule ule uliolowa.

"Mwambieni mkwe wangu alipeleke yeye kesho kwa trafiki," baba akasema. "Taa ni nzima, atapita. Na Chamazi ataendesha yeye." Akafuta vumbi kwenye kopo kwa kidole. "Mie nitakaa pale anapokaaga mama yako."