Mita Mbili za Naibu

Ofisini walimwita Mama Majalada, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa hakuna jalada lililoingia wala kutoka masjala bila kupita mikononi mwake. Alijua nani hasomi, nani husaini huku anasinzia. Alijua pia lugha ya wakubwa: "Lijadiliwe" maana yake lisahauliwe, "Nimeliona" maana yake msinitaje, na "Nakubaliana na aliyetangulia", maneno yaliyojaa nusu ya majalada ya jengo lile, maana yake sijasoma, ila tukizama tuzame wengi.

Kitu kimoja tu hakukijua: kunyamaza.

Basi Naibu Mkurugenzi alipotangaza kikaoni kwamba chumba cha masjala, chenye dirisha pana, kitawekwa makochi ya wageni wake, na masjala ihamie stoo ya chini ya ngazi, Mama Majalada alisimama. Akamhesabia makosa yake kwa vidole. Mkono wa kwanza ukajaa, akahamia wa pili. Wajumbe wote wakawa wanakagua meza kama waliotaka kuinunua. Baadaye, kwenye korido, wakaja mmoja mmoja kumnong'oneza.

"Dada, leo umemkata maini!" alisema mhasibu.

"Sasa mbona mle ndani mlimeza ndimi?"

"Ah, dada, mie nina watoto."

"Na mie nimezaa mapaka?"

Uamuzi ukabaki palepale: tarehe moja ahame. Na kifua chake hakipatani na vumbi kabisa; akikaa nusu saa mahali pasipo hewa, hupumua kwa mluzi kama birika. Stoo ile haikuwa na hata tundu la panya kuchungulia nje. Alikuwa amebakiza miaka minne kustaafu, na alitaka kuimaliza akiwa hai.

Alirudi nyumbani amevimba. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa barazani anashona.

"Nitamwandikia barua yule, ataisoma mpaka kaburini!"

"Usimwandikie. Njoo uone hili koti."

Koti lilikuwa limetulia, ila kifungo cha pili kilikaa upande.

"Umekosea hapo, baba watoto."

"Sijakosea. Hili la yule mwalimu mkuu. Yule asipotoa kasoro hapati usingizi. Nikimpa koti safi, atanifumulisha mabega. Nikimwachia kifungo, atakiona, atafoka, nami nitamwambia, 'Samahani mkuu, kweli una jicho!' Basi. Anaondoka anacheka."

"Na humwambii kwamba ulikusudia?"

"Siku nikimwambia, hilo ndilo koti lake la mwisho kwangu."

Mama Majalada akakaa kimya, jambo lililomtia fundi wasiwasi kidogo.

Kesho yake aliingia stoo na utepe wa kupimia wa mumewe. Upana: mita mbili kamili. Akarudi mezani, akaandika dokezo lenye adabu za kutosha kumzika mtu. Kwamba yu tayari kuhama. Kwamba makabati ya majalada yanahitaji upana wa mita tatu, na kwa bahati njema stoo ina mita tatu. Hakuomba chochote. Akalitia jaladani, akalipeleka kwanza kwa Naibu.

Naibu huyu ndiye aliyesimamia ujenzi wa jengo lile, na hajapata kukaa na binadamu dakika kumi bila kumwarifu. Kalamu yake nyekundu ilikuwa na njaa ya kudumu. Kabla ya saa sita jalada lilirudi: "SI KWELI! Upana ni mita mbili tu. Nilisimamia mwenyewe. Makarani wajifunze kupima." Chini yake, sahihi yenye mikia mitatu. Utamu wa kukosoa ulimfumba macho. Mstari wa makabati hata hakuurudia.

Mhasibu akaandika: "Nakubaliana na aliyetangulia." Afisa utumishi naye vivyo hivyo. Likafika kwa Mkurugenzi, mtu pekee pale aliyejua kutoa mbili kwenye tatu. Akaandika: "Kama Naibu alivyothibitisha, makabati hayaingii. Masjala ibaki ilipo."

Kikaoni Mkurugenzi akampongeza Naibu kwa umakini wake. Naibu alifungua kinywa, akautazama wino wake mwekundu kwenye jalada lililokuwa mezani, akakifunga. Makofi yakaanza. Makofi ni kitu kibaya: Naibu akajikuta amesimama, anainamisha kichwa.

"Mimi niliona mapema sana," akasema.

Ulimi ulimwasha Mama Majalada kama aliyelamba upupu. Miaka kumi na tisa ya kusema ilikuwa imejaa nyuma ya meno. Akakumbuka koti. Akapiga makofi kuwashinda wote.

"Kweli una jicho, mzee!"

Mchana Naibu alikuja kusimama kwenye dirisha la masjala, kifua mbele. "Unajua, mama, bila mimi sasa hivi ungekuwa chini ya ngazi."

"Najua, mzee," alisema, akalifungua dirisha mpaka mwisho, akavuta pumzi ndefu isiyo na mluzi. "Sahihi yako ninayo."